Mishipa Mipya ya Damu Ndani ya Saratani ya Mapafu: Tunachohesabu na Kinachoamua Hatima ya Mgonjwa

Mabibi na mabwana, madaktari na wauguzi, mafundi sanifu wa maabara, na ninyi ndugu wa wagonjwa mliokuja kusikiliza, ahsanteni kwa kufika.

Mada yetu ni mishipa ya damu inayoota ndani ya uvimbe wa saratani ya mapafu, na jinsi inavyohusiana na maisha ya mgonjwa. Neno langu kuu nalitanguliza ili mnisikilize mkiwa nalo: wingi wa mishipa hiyo, ukihesabiwa peke yake, haumwambii daktari mgonjwa ataishi muda gani wala apewe dawa gani. Kinachosema zaidi ni uvimbe unapataje damu, mishipa yake ina hali gani, na umekaa wapi ndani ya kifua.

Tuanze na umbali. Oksijeni ikishatoka kwenye kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, hupenya ndani ya nyama za mwili kwa mikromita 100 hadi 200 tu, kisha inakwisha. Seli iliyo mbali zaidi ya hapo hufa. Ndiyo maana kikundi cha seli za saratani kisicho na mishipa kikifika milimita 1 au 2 hukwama: seli za nje zinazaliana, za katikati zinakufa, na ukubwa haubadiliki. Mwaka 1971 Judah Folkman, daktari wa upasuaji mjini Boston, alichapisha hoja kwamba uvimbe hauwezi kuvuka ukubwa huo bila kuvuta mishipa mipya, na kwamba ukizuiwa kuivuta unaweza kudhibitiwa. Wengi hawakumkubali mara moja. Utafiti wa miaka iliyofuata umethibitisha sehemu kubwa ya hoja yake, ingawa si yote, na kwenye mapafu ndiko upungufu wake unapoonekana wazi. Nitarudi hapo.

Uvimbe unavutaje mishipa? Ndani ya seli kuna protini iitwayo HIF-1. Oksijeni ikitosha, sehemu moja ya protini hiyo huwekewa alama na kuvunjwa ndani ya dakika chache. Oksijeni ikipungua haivunjwi tena; huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi, mojawapo ikiwa ni ile inayotengeneza VEGF, protini inayoita mishipa ya damu iote. Kazi ya kueleza jinsi seli zinavyohisi oksijeni ndiyo iliyowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019. VEGF ikishatolewa husafiri hadi kwenye kapilari ya jirani, hushika kipokezi kwenye seli zinazotanda ukuta wa ndani wa mshipa, na seli hizo huanza kugawanyika na kutambaa kuelekea inakotoka.

Naomba mkumbuke kwamba VEGF ina kazi mbili. Mwaka 1983 maabara ya Harold Dvorak iliitambua kama protini inayofanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake waliitenga kama protini inayokuza mishipa. Ni protini ileile. Kwa hiyo mgonjwa anayejaa maji kifuani, akatolewa lita nzima kisha maji yakarudi, mara nyingi anaonyesha upande wa pili wa jambo hilohilo: kinachokuza mishipa ya uvimbe wake ndicho pia kinachoifanya mishipa ya utando wa mapafu ivuje.

Mishipa inayoota kwa namna hii si mizuri. Imepinda, mingine haina mwisho unaoeleweka, na seli zinazotakiwa kuifunika kwa nje na kuiimarisha ni chache au zimelegea. Majimaji yanavuja, shinikizo ndani ya uvimbe linapanda, na damu mahali pengine inasimama au inarudi ilikotoka. Ndiyo maana uvimbe unaweza kuwa umejaa mishipa na bado seli zake zikakosa oksijeni. Matokeo yake kwa matibabu ni makubwa. Mionzi huhitaji oksijeni ili madhara yake kwa seli ya saratani yawe ya kudumu, hivyo eneo lenye oksijeni kidogo huistahimili mionzi. Dawa za dripu nazo hazifiki sawasawa mahali penye shinikizo kubwa. Mtafiti Rakesh Jain alileta wazo kwamba dozi ya kiasi ya dawa inayozuia VEGF, kabla ya kuua mishipa, huinyoosha na kuituliza kwa muda, na kwamba huo ndio wakati tibakemikali inapenya vizuri zaidi. Wazo hilo naliona kuwa na nguvu, kwa sababu linaeleza kwa nini dawa hizi zikitolewa peke yake hufanya kidogo kwenye saratani ya mapafu, na zikifungwa pamoja na nyingine hufanya zaidi.

Sasa mapafu yenyewe. Hakuna kiungo kilichojaa kapilari kama pafu, na pafu linapata damu kwa njia mbili: ateri ya pulmonari, inayoleta damu ya kusafishwa kwa shinikizo dogo, na ateri za bronkia, zinazotoka kwenye aota na kubeba shinikizo kubwa la mwili mzima. Uvimbe wa mapafu hulishwa zaidi na hizi za bronkia. Mgonjwa anapokohoa damu nyingi kwa ghafla, mara nyingi chanzo ni hizo, na ndiyo sababu mtaalamu wa radiolojia huingiza mrija kwenye ateri ya bronkia ili kuiziba.

Kwa kuwa pafu lina kapilari tayari, uvimbe si lazima uote mishipa yake, na hapa ndipo hoja ya Folkman inapopungukiwa. Mwaka 1997 Francesco Pezzella na wenzake walichunguza saratani 500 za mapafu za hatua ya mwanzo, na katika takriban 16% hawakuona dalili ya mishipa mipya. Seli za saratani zilikuwa zimejaza vifuko vya hewa, kuta za vifuko zikiwa bado zimesimama, na kapilari za zamani ndani ya kuta hizo zikiwalisha wageni. Ni kama mpangaji aliyehamia nyumba yenye maji ya bomba tayari. Uvimbe wa aina hii hauna haja kubwa ya VEGF, na hakuna sababu ya kutegemea kwamba dawa ya kuzuia VEGF itaubana. Mnaosoma slaidi, mkiona kuta za vifuko vya hewa zimebaki na seli za saratani zimekaa katikati, andikeni. Ni sentensi moja tu.

Nije kwenye kuhesabu, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa makosa mengi yanaanzia hapa.

Kinyama kinatoka kwenye chumba cha upasuaji na kuwekwa kwenye formalini ya 10% iliyosawazishwa, kati ya saa 6 na 72. Chini ya hapo haikupenya. Zaidi ya hapo protini tunazozitafuta zinafichwa na rangi inatoka hafifu. Kinawekwa kwenye nta, kinakatwa vipande vya mikromita 3 hadi 4, kinachemshwa ndani ya kimiminika maalumu ili kufunua tena protini, kisha kinapakwa kingamwili inayoshika seli za ukuta wa mshipa. Tatu ndizo zinazotumika zaidi. CD34 hutoa rangi kali na safi, lakini hushika pia mishipa ya limfu na baadhi ya seli za nyama ya kati. CD31 ni ya uhakika zaidi kwa mishipa, ila hushika seli za uchochezi, na pafu la mvutaji sigara limejaa seli hizo. CD105 huelekea zaidi mishipa inayoota sasa, na huiacha mingi ya zamani. Maabara mbili zikitumia kingamwili tofauti kwa mgonjwa yuleyule zitapata hesabu tofauti, na zote zitakuwa zimefanya kazi yake kwa uaminifu.

Baada ya rangi, msomaji hupitia slaidi nzima kwa ukuzaji mdogo, mara 40 hadi 100, akitafuta eneo lenye mishipa iliyosongamana kuliko mengine. Kisha hupanda hadi mara 200 na kuhesabu. Seli moja yenye rangi, au kikundi kilichojitenga, huhesabiwa kuwa mshipa hata kama hakina tundu. Mshipa wenye ukuta mnene wa misuli hauhesabiwi. Maeneo matatu huchukuliwa, kisha wastani. Njia nyingine ni ya Chalkley: ndani ya jicho la hadubini huwekwa kioo chenye nukta 25, msomaji hukizungusha mpaka nukta nyingi iwezekanavyo ziangukie mishipa, kisha huhesabu nukta badala ya mishipa. Hii ni ya haraka, na wasomaji hawatofautiani sana.

Panapoharibika ni kwenye kuchagua eneo. Wasomaji wawili wazoefu huweza kuchagua maeneo mawili tofauti kwenye slaidi moja. Kosa la pili ni kuhesabu ukingoni mwa uvimbe bila kuangalia: pale kuna kapilari za pafu la kawaida zilizobanwa, zinang'aa vizuri, na ni rahisi kuzidhania kuwa mpya. La tatu ni kuhesabu kwenye kinyama cha sindano chenye upana wa milimita 1 na kudhani kinawakilisha uvimbe wa sentimita 5. Hakiwakilishi. Mishipa haijagawanyika sawa, na katikati ya uvimbe mkubwa mara nyingi ni nyama iliyokufa.

Mkilijua hilo, historia ya tafiti inaeleweka. Mwaka 1991 Noel Weidner na wenzake walionyesha kwamba wingi wa mishipa kwenye saratani ya matiti unaambatana na kusambaa kwake. Mwaka uliofuata Paolo Macchiarini na wenzake walipata jambo la namna hiyo kwenye uvimbe mdogo wa mapafu ambao ulikuwa bado haujafika kwenye tezi za limfu. Tafiti nyingi zikafuata, na mwaka 2002 mkusanyo wa matokeo yaliyochapishwa ukasema kwamba mishipa mingi huendana na maisha mafupi kwa saratani ya mapafu ya seli zisizo ndogo, aina inayopatikana zaidi. Kisha mwaka 2007 Marialena Trivella na wenzake walifanya kazi ngumu zaidi: badala ya kujumlisha makala, walikusanya takwimu za mgonjwa mmoja mmoja kutoka vituo 17, zaidi ya wagonjwa 3,000 waliofanyiwa upasuaji. Uhusiano uliyeyuka. Wingi wa mishipa haukuonekana kuwa kipimo cha kutabiri maisha ya wagonjwa hao.

Kwa nini majibu mawili? Tafiti zisizoona kitu huchapishwa kwa nadra. Pia mpaka kati ya "mingi" na "michache" mara nyingi ulichaguliwa baada ya matokeo kuonekana, na kila kundi lilikuwa na mpaka wake. Ukiweza kuusogeza mpaka, utapata jibu unalolitaka bila hata kukusudia. Mimi naziamini takwimu za mwaka 2007 kuliko zilizotangulia, na naona si haki kumpa mgonjwa utabiri wa maisha yake kwa hesabu hii. Kinachotabiri bado ni hatua ya ugonjwa, tezi zilizofikiwa, aina ya seli, na nguvu za mwili za mgonjwa mwenyewe.

Sasa dawa. Inayofahamika zaidi ni bevasizumabu, kingamwili inayonasa VEGF kabla haijafika kwenye kipokezi. Utafiti wa ECOG, kundi la Marekani linalofanya tafiti za saratani, uliochapishwa mwaka 2006, uliandikisha wagonjwa 878 wenye saratani iliyosambaa, ya seli zisizo ndogo na isiyo ya seli bapa, yaani seli tambarare zinazofanana na za ngozi. Nusu walipata tibakemikali ya paklitakseli na kaboplatini. Nusu walipata hizo pamoja na bevasizumabu, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila wiki 3. Katika kundi la kwanza, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 10.3, katika la pili, zaidi ya miezi 12.3. Uvimbe ulipungua kwa 35% ya waliopata dawa, dhidi ya 15%. Damu kuvuja kwa kiwango kikubwa kulitokea kwa 4.4%, dhidi ya 0.7%.

Ndugu wa wagonjwa, miezi miwili hiyo ni tofauti ya katikati ya kundi zima. Wapo waliopata zaidi ya hapo, wapo ambao hawakupata chochote, na wapo waliofariki kwa kuvuja damu mapafuni. Mna haki ya kuambiwa yote matatu kabla dripu ya kwanza haijaning'inizwa.

Kwa nini saratani ya seli bapa iliachwa nje? Kwa sababu utafiti wa awali wa wagonjwa 99 ulikuwa umetoa onyo: sita walikohoa damu kwa wingi, na wanne kati yao walifariki. Aina hiyo ya saratani hukaa katikati ya kifua, karibu na mishipa mikubwa, na hupenda kuoza katikati na kuacha shimo. Dawa inapoua mishipa ya uvimbe uliokwishatafuna ukuta wa ateri, kilichokuwa kikiziba tundu huondoka. Ndiyo maana ripoti ya CT (picha ya eksirei ya kompyuta) ya kifua, kabla ya dawa hii, isiishie kwenye sentimita za uvimbe. Iseme kama una shimo, na kama umegusa au umezunguka mshipa mkubwa, na upi.

Swali la historia liulizwe kwa kipimo, lisiulizwe kijuujuu. Ukimuuliza mgonjwa "unakohoa damu?" atasema "kidogo". Muulize kama imewahi kufika nusu kijiko cha chai cha damu nyekundu siku za karibuni. Ikiwa imefika, dawa haitolewi.

Utoaji wake ni hivi. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji miligramu 900. Dawa huchanganywa kwenye maji ya chumvi ya 0.9%, kamwe si kwenye maji ya glukosi. Dripu ya kwanza iende kwa dakika 90. Akiivumilia, ya pili dakika 60, na zinazofuata dakika 30. Haisukumwi kwa sindano moja kwa moja kwenye mshipa. Presha ipimwe kila anapokuja, na ikipanda atibiwe kwa dawa za kawaida za presha. Ikipanda sana bila kudhibitika, dozi inasubiri. Mkojo upimwe kwa kijiti. Kikionyesha protini alama mbili au zaidi, kusanyeni mkojo wa saa 24. Protini ikifika gramu 2, dawa inasimama mpaka ishuke. Maumivu makali ya kichwa, macho kufifia au degedege ni dalili za sehemu ya nyuma ya ubongo kuvimba, na hapo dawa inaachwa. Tumbo kuuma ghafla na kukakamaa lichukuliwe kuwa utumbo umetoboka mpaka ithibitike vinginevyo.

Kidonda nacho kinahitaji mishipa mipya ili kipone. Kwa hiyo baada ya upasuaji mkubwa subirini angalau siku 28 na kidonda kiwe kimefunga kabisa. Na kabla ya upasuaji wa kupanga, dawa iwe imeachwa angalau siku 28. Nusu yake hubaki mwilini kwa takriban siku 20, hivyo kuiacha wiki moja kabla ya kisu si kuiacha.

Zipo dawa nyingine na nitazipitia upesi. Ramusirumabu hufunika kipokezi chenyewe. Ikiongezwa kwenye tibakemikali ya dosetakseli kwa waliokwisha kutibiwa mara moja, muda ambao nusu ya wagonjwa waliupita wakiwa hai ulisogea kutoka miezi 9.1 hadi 10.5, mwaka 2014, na wenye seli bapa walihusishwa. Nintedanibu, ambayo ni vidonge, ilisogeza muda huo kutoka miezi 10.3 hadi 12.6 kwa wenye adenokasinoma, saratani inayoanzia kwenye seli za tezi. Kwa wenye badiliko la jeni ya EGFR, inayochochea seli kukua, ramusirumabu pamoja na erlotinibu, dawa inayozuia EGFR, ilirefusha muda wa ugonjwa kutulia kutoka miezi 12.4 hadi 19.4. Kwenye saratani ya seli ndogo, bevasizumabu haijarefusha maisha.

Linalonipa matumaini zaidi ni kuunganisha na tiba ya kinga. VEGF haikuzi mishipa tu. Pia huzuia seli za kinga kukomaa na kuingia ndani ya uvimbe. Mwaka 2018 matokeo ya atezolizumabu, dawa ya tiba ya kinga, pamoja na bevasizumabu, kaboplatini na paklitakseli yalionyesha kwamba nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 19.2, dhidi ya 14.7 bila atezolizumabu, kwa wasio na mabadiliko ya jeni za EGFR wala ALK.

Wengi huniuliza: mbona haitolewi baada ya upasuaji, ili ugonjwa usirudi? Ilijaribiwa. Wagonjwa 1,501 waliotolewa uvimbe walipewa tibakemikali, nusu wakiongezewa bevasizumabu hadi mwaka mmoja. Haikurefusha maisha. Tafsiri yangu, na naisema kama tafsiri, ni kwamba mbegu za saratani zinazobaki baada ya kisu ni ndogo kuliko zile milimita 2 za Folkman. Bado hazijahitaji mishipa, au zimejibandika kwenye kapilari za zamani, hivyo dawa haina cha kuzuia.

Na hatuna kipimo cha kumchagua anayefaa. Katika utafiti ule wa ECOG, waliokuwa na VEGF nyingi kwenye damu uvimbe wao ulipungua zaidi wakipewa dawa, lakini hilo halikutabiri nani angeishi zaidi. Hesabu ya mishipa kwenye slaidi nayo haitumiki kuchagua. Akija mtu na kipimo cha kulipia kinachodai kuchagua mgonjwa wa bevasizumabu, mwombeni takwimu za maisha, zisiwe za kupungua kwa uvimbe.

La mwisho ni la wanaosoma CT wakati wa matibabu. Dawa hizi zinaweza kufanya katikati ya uvimbe kufa na kubaki shimo lenye hewa, huku upana wa nje ukibaki uleule au hata kuongezeka. Ukipima kipenyo tu utaandika "haujabadilika" kwa uvimbe ambao nusu yake imekufa. Pimeni unene wa ukuta uliobaki, uandikeni kando ya kipenyo, na linganisheni na picha ya kabla ya dawa. Na shimo hilo likiwa jipya na liko karibu na mshipa mkubwa, mpigieni simu daktari anayemtibu siku hiyohiyo, kabla ya dozi inayofuata.

Ahsanteni. Nakaribisha maswali, tukianza na ndugu wa wagonjwa.